Ardhi ya Wenyeji wa Koboko

Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na mabasi mengi husafiri usiku. Unavuka Nile pale Karuma, unasinzia, na ukiuvuka tena Pakwach umeshaingia eneo la West Nile. Tulikuwa waumini wa kanisa moja la Mwanza, wengi wetu walimu na wauguzi, tuliojichangia nauli kwenda kujitolea kwa familia za wakimbizi.

Arua, jiji tangu 2020, iko karibu mno na Kongo hivi kwamba vitenge, muziki na Kiswahili vinavuka mpaka kila siku. Tulipita Mvara, kwenye kanisa lililotokana na kazi ya misheni ya Africa Inland. Misheni hiyo ilifika Nasa, kando ya ziwa letu, mwaka 1909, na Arua mwaka 1918. Kwa hiyo hatukujiona wageni hasa. Kesho yake tukashika barabara ya lami kwenda kaskazini, hadi Koboko, mji ulio jirani na Kongo na Sudan Kusini kwa pamoja.

Kazi yetu ilikuwa Lobule, makazi ya wakimbizi wa Kongo yaliyofunguliwa mwaka 2013. Mimi nilipangiwa kumsaidia mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa kabila la Kakwa anayeijua kila nyumba. Alikuwa akipima watoto kwa utepe unaozungushwa katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe unaonyesha nyekundu: mtoto ana utapiamlo mkali. Mtoto mmoja wa kike, aliyekaribia miaka miwili, alikuwa kwenye nyekundu ingawa alishaandikiwa pakiti za Plumpy'Nut, ile siagi ya karanga yenye maziwa, sukari na mafuta. Pakiti zilikuwa zikichukuliwa bila kukosa, na uzito hauongezeki.

Mama yake alipogundua kwamba nazungumza Kiswahili, alisogeza kigoda karibu. "Dada, niko na watoto wane," akasema. "Nitapatia huyu moja, wengine wabaki wananiangalia tu?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama mzazi yeyote angekuwa nalo. Mgao wa chakula wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, na mwaka 2023 wakimbizi walipangwa kwa makundi, kundi moja likaondolewa kwenye mgao kabisa. Dawa ya mtoto mmoja imegeuka chakula cha nyumba nzima. Mhudumu aliandika maelezo ya mama yule kwenye daftari lake, kisha akanipeleka kwa mzee wa ukoo unaomiliki ardhi ya jirani.

Hapa ndipo nilipoelewa West Nile. Tumezoea kusikia kwamba serikali ya Uganda huwapa wakimbizi ardhi. Huku ardhi ni ya koo, na makazi kama Lobule yamesimama kwa sababu koo zilikubali. Msaada mkubwa kuliko yote umetolewa na watu ambao wao wenyewe wanalima kwa jembe la mkono, na majina yao hayaandikwi kwenye bango lolote.

Mzee alitukaribisha vitini. Nilipomuuliza kwa nini walikubali, alinyoosha mkono kuelekea magharibi, upande wa Kongo. "Mwanangu, mwaka 1980 vita vilipotukuta hapa Koboko, sisi ndio tulikimbilia kule. Tulilima mashamba ya watu hawa. Watoto wangu wawili walizaliwa kule."

Kikundi chetu kilikuwa na fedha zilizotengwa kwa nguo za watoto. Jioni tuliwauliza akina mama wangependa nini, na wengi wao walitaja mbegu za karanga, maana ilikuwa Machi na mvua ziko karibu. Tulizinunua soko la Koboko, pamoja na majembe. Naamini kwa moyo wote kwamba mtu anayesafiri kwenda kuhudumia maskini lazima aanze kwa kuwauliza hivyo, na awaunge mkono wale watakaobaki baada ya basi lake kuondoka.

Mzee alimpimia mama yule kipande cha shamba kwa hatua zake mwenyewe, akakita fimbo kwenye pembe nne. Hakutaka kodi wala sehemu ya mavuno. Sharti lake lilikuwa moja: miti ya shea isikatwe, kwa kuwa wanawake wa pande zote mbili hukamua mafuta yake. Tulilima pamoja siku zilizobaki. Mhudumu naye aliomba familia ile ipewe chakula cha ziada ili pakiti zibaki kwa mgonjwa, na akamwandikia mtoto tarehe ya kupimwa tena.