Mwenye Koleo ni Mmoja



Ukipita nyuma ya jiko la seminari yetu siku ya sherehe, karibu na mparachichi, utakuta pipa la mafuta lililopasuliwa katikati na kulazwa juu ya matofali, na juu yake wavu wa nondo. Hapo ndipo tulipo sisi, mafrateri wachoma nyama. Tupo 14, wote wa falsafa, wengi wetu tuna miaka kati ya 22 na 26. Tulipokuwa mwaka wa kwanza na sherehe ya somo wa seminari ilipokaribia, padre mlezi aliuliza nani anajua kuchoma mbuzi. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko mbuzi waliokuwepo.

Shida yetu ilianzia hapo. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alijua vya kwao. Waliotoka Kilimanjaro walikuwa wamekulia kwenye ndafu, mbuzi mzima anayechomwa kwa ajili ya harusi na sherehe kubwa. Waliolelewa jirani na Wamasai waliamini nyama haihitaji kitu zaidi ya moto na subira. Wa Mbeya walizoea nguruwe. Wa pwani walikuwa na mishikaki yao yenye tangawizi na limau. Siku ile mmoja aliongeza mkaa, mwingine akaupunguza. Mmoja aligeuza paja, mwingine akaligeuza tena alipokuwa hatazami. Mapaja yaliungua nje na ndani yakabaki na damu. Wageni walitafuna kwa adabu, mpaka taya zikachoka. Wahenga walishatuambia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini sisi tulihitaji kuiona nyama yenyewe ndipo tusadiki.

Jioni ile tuliketi tukaandika kanuni tano kwenye kipande cha boksi, tukakibandika mlangoni mwa stoo. Tunaziandika hapa kwa sababu wenzetu wa seminari nyingine wametuuliza, na pia kwa sababu moja kati yake tuliivunja sisi wenyewe tulioitunga.

Kanuni ya kwanza: mwenye koleo ni mmoja. Kila sherehe ina mwenye koleo wake, na zamu huzunguka. Wengine wanashauri, yeye anaamua, na kama nyama ikiharibika ni yeye anayekwenda kwa padre mlezi kueleza.

Mwenye koleo lazima aujue moto kwanza. Mkaa mweusi unaotoa moshi bado haujawa tayari. Ukishavikwa majivu ndipo joto lake linatulia. Tunausukumia upande mmoja wa pipa, upande wa pili tunauacha wazi. Maini na mbavu hukaa juu ya makaa kwa muda mfupi. Paja la mbuzi huanzia upande usio na moto, maana lina nyuzi ngumu zinazotaka joto la polepole hadi zilainike, kisha mwishoni huletwa juu ya makaa lipate rangi. Nyama inafutwa maji kabla ya kuwekwa, kwa kuwa iliyolowa huchemka kwanza badala ya kuchomeka. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayowafanya watu waache masomo vinatokana na joto kukutanisha protini na sukari zilizomo ndani ya nyama, jambo ambalo mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Bibi zetu walikuwa wakilifanya zamani bila kulieleza. Mafuta yakidondoka, miali huruka. Asiyejua humwaga maji, na majivu yakapanda juu ya nyama. Anayejua husogeza nyama pembeni. Ikishaiva haikatwi papo hapo. Inaachwa ipumzike kama dakika 10, la sivyo utamu wote unabaki kwenye ubao.

Kanuni ya pili: ushauri hutolewa mara moja, kando, kwa sauti ya chini. Hakuna kumkosoa mwenye koleo mbele ya wageni. Ukishasema, umemaliza.

Kanuni ya tatu: hakuna kudharau nyumbani kwa mtu. Tutairudia.

Kanuni ya nne: sahani ya kwanza ni ya asiyekuwepo. Kabla yeyote hajaonja, tunatenga ya mlinzi wa geti, ya akina mama wa jikoni na ya mwenzetu aliye mgonjwa chumbani. Hii tuliichukua kwa Mtakatifu Laurenti, shemasi aliyeuawa Roma mwaka 258. Mapokeo yanasema alipoamriwa kutoa hazina za Kanisa aliwaleta maskini, na kwamba aliuawa kwa kuchomwa juu ya wavu wa chuma. Kwa sababu hiyo wapishi wamemfanya somo wao, nasi tukamfuata, ingawa sikukuu yake ya tarehe 10 Agosti hutukuta likizo. Padre mlezi alituuliza kama tulilifikiria vizuri jambo hilo la wavu. Tulimjibu kwamba tulifikiria zaidi habari ya maskini.

Kanuni ya tano: jiko halilali ndani. Huku kwetu nyanda za juu mwezi Juni na Julai baridi ni kali, na kishawishi cha kuingiza makaa yaliyobaki bwenini ni kikubwa. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Hapa hatuna mjadala wala zamu. Makaa huzimwa kwa maji na mchanga, na watu wawili huhakikisha.

Sasa kanuni ya tatu.

Kati yetu alikuwepo frateri mmoja tu kutoka pwani. Alikuwa mpole, mwepesi wa kazi, na mishikaki yake ilikuwa kazi ya usiku kucha: tangawizi, kitunguu saumu, limau na papai bichi lililosagwa, ambalo hulainisha nyama ngumu. Mara ya kwanza alipoleta bakuli lake, mmoja wetu alisema, "Kwenu nyama inaumwa nini mpaka mnaipaka dawa?" Tulicheka sana, na yeye akacheka. Toka siku hiyo akaitwa Daktari. Kila sherehe tulimuuliza kama mgonjwa anaendeleaje, kama amemeza vidonge. Mshikaki ukianguka tulisema mgonjwa amefariki, na mwingine akapiga ishara ya msalaba.

Tuliuita utani. Sisi Watanzania tunajivunia utani, na ni haki yetu kujivunia, kwa sababu umetuwezesha makabila mengi kukaa pamoja bila kisu. Lakini utani una pande mbili. Mtani hukutania, nawe unamtania, na watu wako wapo nyuma yako kukusaidia kujibu. Yeye alikuwa peke yake kutoka kwao. Kumi na watatu wakimtania mmoja, huo umekuwa mzigo, na mwenye kuubeba anacheka ili asionekane ameshindwa.

Sherehe ya tatu hakuleta bakuli. Ya nne aliomba aoshe vyombo. Ya tano alikuwa amejiunga na wanaopamba kanisa, na sisi tukasema ana shughuli nyingi. Mdogo wetu kuliko wote, aliyekuwa mwaka wa kwanza, ndiye aliyempelekea sahani jioni moja na kumuuliza mbona haji siku hizi. Alimjibu bila hasira: "Ule moto ni wenu."

Mdogo wetu alituletea maneno hayo tukiwa tunapanga sherehe ya somo, wiki mbili kabla. Kulikuwa na ugumu mwingine. Aliyeanzisha jina la Daktari ndiye aliyekuwa mchomaji bora kuliko sisi sote, mtu wa kubonyeza paja kwa kidole gumba na kukuambia limebakiza dakika ngapi, na sherehe hiyo ilikuwa zamu yake ya koleo. Wageni wangekuwa zaidi ya 200.

Tulijadiliana hadi kengele ya sala za usiku. Wapo waliosema utani ni utani, anayeumia ajizoeze, maana parokiani atakutana na makubwa zaidi. Wapo waliotaka mwenye jina lile aondolewe kikundini kabisa. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 3 ya Kanuni yake, anaagiza ndugu wote waitwe kwenye shauri, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Tulikuwa tumelisoma hilo bila kulitilia maanani. Sasa mdogo wetu akainua mkono akauliza, "Tukimfukuza yeye, sisi tuliocheka tunakwenda wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Maana aliyesema alikuwa mmoja, lakini maneno yake yangekufa siku ile ile kama yasingepata kicheko. Sisi ndio tuliyalisha mwaka mzima. Kumfukuza kungetupa nafasi ya kujiona wasafi kwa bei nafuu.

Tuliamua mambo matatu. Mchomaji wetu ataachia koleo kwa muhula mzima, lakini atabaki kikundini, kazi yake kupepea. Sisi wote tutamwendea mwenzetu wa pwani, mmoja mmoja, bila kumkusanyia mkutano wa kumlazimisha aseme amesamehe. Na kwenye boksi la mlangoni, chini ya kanuni ya tatu, tuliongeza maneno matatu: anayecheka naye amesema.

Kwenda mmoja mmoja kulikuwa kugumu kuliko tulivyodhani. Katika kundi ni rahisi kusema "tulikosa". Ukiwa peke yako mlangoni kwa mtu, inabidi useme ulisema nini, siku gani. Wengine wetu tulipita mlango ule mara tatu kabla ya kubisha.

Sherehe ilipofika, mwenye koleo alikuwa mgeni wa kazi na mbavu zilikauka. Hatuwezi kusema vinginevyo. Mgeni mmoja aliuliza yule fundi wa mwaka jana yuko wapi, naye fundi alikuwa hapo hapo, amechuchumaa na kipande cha boksi mkononi, anapepea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, labda na kwa mengine. Mara moja tu, miali iliporuka, aliinuka akamnong'oneza mwenye koleo, "Sogeza upande wa wazi," kisha akarudi kuchuchumaa. Kanuni ya pili, neno kwa neno.

Jumatatu ya Pasaka mwenzetu wa pwani alikuja na bakuli lake. Hakuna aliyepiga makofi. Mchomaji wetu alimsogelea akamwomba amfundishe kipimo cha papai, akaambiwa kijiko kimoja kwa kilo, nusu saa, ukizidisha nyama inakuwa uji. Walichomeka vijiti pamoja hadi jioni.

Tungependa kumalizia hapo, lakini haikuishia hapo. Mwisho wa mwaka, mwenzetu huyo aliacha malezi akarudi nyumbani. Alituaga vizuri. Alituambia ameamua baada ya kusali kwa muda mrefu na kuongea na mlezi wake wa kiroho, na kwamba haikuwa kwa sababu yetu. Tunamwamini. Kuondoka siyo kushindwa, na nyumba ya malezi ipo pia kwa ajili ya kumsaidia mtu kutambua kwamba njia yake ni nyingine. Hata hivyo kuna swali ambalo hatujaweza kuliondoa. Miezi ile aliyokuwa anapima wito wake ndiyo miezi aliyokuwa mbali na moto, na kwetu motoni ndipo watu wanapozungumza. Paja la mbuzi linachukua saa mbili na zaidi. Katika saa hizo mtu anasema habari za mama yake, za hofu yake ya mtihani, za mashaka yake. Yeye mashaka yake aliyasemea wapi?

Darasani tulifundishwa kwamba kwa Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, kuishi pamoja kwa binadamu ni kushirikiana maneno na mawazo, si kulishwa mahali pamoja kama ng'ombe. Tuliliandika jambo hilo kwenye madaftari na kulijibia mtihani, tukapata alama nzuri. Wakati huo huo, nyuma ya jiko, kumi na watatu tulikuwa tukila pamoja, na mmoja alikuwa akila chumbani.

Padre wetu wa Maandiko alituonesha jambo jingine tulipomsimulia. Katika Agano Jipya lote, neno la Kigiriki la moto wa makaa linaonekana mara mbili tu, zote katika Injili ya Yohane: sura ya 18, Petro akiota moto na watumishi na kumkana Bwana, na sura ya 21, Yesu mfufuka akiwaandalia wanafunzi samaki na mkate ufukweni. Pale pa kwanza Petro hakumpiga mtu wala kumtukana mtu. Alitaka tu kuendelea kukaa penye joto pamoja na wengine. Tulipolisikia hilo tulitazamana.

Usiku wa kuagana tuliwasha pipa, na koleo tukampa yeye. Alitupangia kazi kama fundi wa siku nyingi: wewe mkaa, wewe ndimu, wewe kachumbari. Fundi wetu alipangiwa kupepea, akapepea. Sahani ya kwanza ilikwenda kwa mlinzi.

Muhula huu tumepokea mafrateri wapya sita. Kabla hawajagusa koleo tunawapeleka mlangoni mwa stoo wasome lile boksi, ambalo sasa limeingia mafuta na pembe moja imeungua. Wakifika yale maneno matatu huwa wanauliza maana yake, nasi tunawasimulia yote, pamoja na sehemu tuliyocheka.