Mtu na Mzigo Wake

Kwa miaka kumi na minane kazi yangu ilikuwa kukimbizana na ndege. Nilikuwa dereva wa mizigo wa kampuni moja ya utalii. Wageni walipanda ndege ndogo uwanja wa Wilson, Nairobi, wakashukia Nanyuki. Ndege hizo humruhusu abiria kilo 15 tu, tena kwenye begi laini. Masanduku yaliyozidi yalikuwa yangu.

Mimi mzaliwa wa Kagio, Kirinyaga. Nilianza kwa kupakia kreti za nyanya sokoni, nikawa turniboi, hatimaye nikashika usukani. Umbali niliujua kwa nyanya: zikifika soko la Marikiti, Nairobi, kabla ya jua kuchomoza, zina bei, zikichelewa, ni za kutupa.

Umbali wa pili nilifundishwa na rubani mmoja mzee pale Wilson. Alichora kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa gari langu. Nairobi iko digrii moja na robo hivi kusini ya ikweta, Nanyuki iko pale pale ikweta inapopita, na kila digrii ni kilomita 111. "Haya, dereva, piga hesabu." Ukiongeza kule kupinda kidogo mashariki, unapata kama 140. Gari langu lilisoma karibu 200, maana barabara lazima izunguke Thika, Sagana na Karatina, hali ndege inapita moja kwa moja kati ya Aberdare na Mlima Kenya. Cessna Caravan hukata kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo angani ni nusu saa tu. Kupaa na kuteremka huifikisha dakika arobaini na kitu. Mimi, barabara ikiwa nzuri, saa nne.

Ndiyo maana nilikuwa nikitoka saa kumi na moja alfajiri, wageni wakiwa bado usingizini, ili nifike kabla yao.

Siku moja lori lilipinduka kabla ya Sagana. Nyanya zilijaa barabara nzima, na kreti zilikuwa na alama za rangi nilizozijua: za kwetu. Watu walikuwa wakijaza ndoo. Njia ya kuchepuka Kagio, ambayo ingenipitisha Kerugoya hadi Karatina, ilikuwa mbele ya lile lori. Nilikaa pale saa tano.

Nilifika Nanyuki saa nane mchana. Mgeni mmoja, mama mzee, alikuwa ameketi chini ya mti kando ya uwanja, midomo imemkauka. Alilifungua sanduku lake kabla sijazima injini, mikono ikitetemeka. Ndani mlikuwa na sindano zake za ugonjwa wa sukari. Alipokwisha kujidunga hakunigombeza. Aliniambia asante, nami niliona afadhali angenitukana.

Sasa nimestaafu, nauza mchele Kagio. Vijana wakiniuliza Nairobi hadi Nanyuki ni mwendo gani kwa ndege, nami huwauliza: wewe, au mzigo wako? Dakika arobaini ni za mtu. Mzigo una saa zake, na anayezipanga ni barabara.

Basi, ndugu msomaji, ukipanda ndege ndogo, dawa zako zibebe mkononi.