Kikohozi cha Bibi

Diski imekwaruzika, na maandishi ya wino juu yake yamefifia: harusi, Usevya, 2009. Enzi hizo Usevya ingali ya Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa 2012.

Haikufungwa kwa kinga yoyote. Kijana akaitia kwenye kompyuta, akafungua folda ya VIDEO_TS, akakuta faili zenye mkia wa VOB, kila moja haizidi GB 1, mithili ya mkeka uliokatwa vipande ili uenee mkobani. Akazinakili zote kabla ya kukata chochote, kwani diski ya kuchomwa huchakaa, na iliyosomeka leo haina ahadi ya kesho.

Alizozitaka ni dakika tatu tu: bibi, sasa marehemu, akimuusia bibi harusi kwa Kipimbwe, lugha ambayo wajukuu wa mjini wanaijua nusunusu. Alitaka kuanzia neno la kwanza kabisa. Haikuwezekana. Katika video ya DVD picha kamili huja moja katika kila kundi, aghalabu la picha 12 au 15. Nyingine hubeba mabadiliko tu. Asiyetaka kuisindika video upya na kuipunguzia ubora hana budi kukata penye picha kamili. (Wafasiri wa mashairi wanaijua kero hiyo.) Iliyo karibu ilikuwa nusu sekunde nyuma, nayo ilibeba kikohozi.

Angeweza kukiondoa kwa kusindika upya. Akacheza kipande tena, akisitasita. Dada yake akaingia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

“Bibi huyo!” akasema, neno la kwanza halijatoka bado.