Bonde la Maskini na Utajiri Wake wa Nyimbo

Msafiri atokaye mji wa Bristol kwa motokaa, akaelekea upande wa machweo, huenda zaidi ya maili 20 kabla ya kufika mahali paitwapo Maces Spring, katika jimbo la Virginia, nchini Marekani. Upande wa kulia husimama mlima uitwao Clinch, mrefu kama ukuta usio na mlango. Chini ya mlima huo limelala bonde jembamba ambalo wenyeji waliliita Poor Valley, yaani Bonde la Maskini, kwa kuwa udongo wake ni hafifu. Wakulima wa hapo walipanda mahindi na tumbaku katika vishamba vya mitelemko, na aliyekosa mavuno alikwenda kutafuta kazi ya reli au ya migodi ya makaa ya mawe.

Hata hivyo, katika bonde hilo walitoka watu watatu ambao sauti zao zilisikika katika nchi nzima ya Marekani na ng'ambo yake. Nao ni Bwana A. P. Carter, mkewe Bibi Sara, na shemeji yao Bibi Maybelle. Kikundi chao kiliitwa Jamaa ya Carter. Msomaji huenda akauliza: Je, watu hao walisomea wapi muziki? Jibu ni kwamba hawakusoma katika chuo chochote. Kila mmoja alikuja na kile alichopewa nyumbani kwao.

Bwana Carter alizaliwa bondeni mwaka 1891. Mama yake alijua nyimbo nyingi za kale za masimulizi, zile zilizoletwa na wahamiaji kutoka Uingereza na Scotland. Mjomba wake, Flanders Bays, alikuwa mwalimu wa kuimba. Alifundisha watu makanisani kwa noti zilizochorwa kwa maumbo, hii pembetatu, hii mraba, hii mviringo, ili mtu asiye na elimu kubwa aweze kuzitambua upesi. Wasomaji waliofundishwa do, re, mi katika shule za misheni watafahamu mara moja faida ya njia kama hiyo. Kijana Carter alijifunza pia kupiga fidla. Baadaye alifanya kazi ya reli katika jimbo la Indiana, akashikwa na homa ya matumbo, akarudi kwao. Ndipo akashika kazi ya kuuza miche ya matunda, akitembea toka nyumba hata nyumba.

Kazi hiyo ya miche ilimfikisha ng'ambo ya mlima, mahali paitwapo Copper Creek, na huko alimkuta Sara Dougherty. Sara alizaliwa mwaka 1898. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na jamaa zake. Alikuwa na sauti nzito, ya chini, isiyo na madaha. Chombo chake kilikuwa kama sanduku bapa lenye nyuzi nyingi na vitufe. Mpigaji akibonyeza kitufe kimoja, nyuzi zisizotakiwa hunyamaza, na zilizobaki hulia kwa kupatana. Walioana mwaka 1915.

Maybelle Addington naye alikuwa binti wa Copper Creek, aliyezaliwa mwaka 1909. Yeye na Sara walikuwa watoto wa ndugu. Mama yake alipiga banjo, chombo ambacho asili yake ni Afrika ya Magharibi, kilichofika Marekani pamoja na watumwa. Maybelle aliianza banjo kwanza, kisha alipofika umri wa miaka 13 hivi akashika gitaa. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu, alibuni njia yake: kidole gumba kilipiga sauti ya wimbo katika nyuzi nene, na vidole vingine vikapapasa nyuzi nyembamba kwa mwendo wa ngoma. Hivyo gitaa moja likafanya kazi ya magitaa mawili. Mwaka 1926 aliolewa na Ezra, ndugu yake Bwana Carter, akahamia bondeni.

Sasa turudi Bristol. Mji huu una ajabu moja: mpaka wa majimbo mawili hupita katikati ya barabara yake kuu, hata mtu anunuaye kofia upande mmoja yuko Tennessee, na avukaye barabara huingia Virginia. Mwishoni mwa Julai 1927, Bwana Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifika hapo na mashine za kutia sauti katika santuri, akazifunga ghorofani katika jumba lililokuwa la biashara ya kofia. Jamaa ya Carter walisafiri kwa motokaa katika barabara mbovu. Sara alikuwa na mtoto anyonyaye, na Maybelle, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa mja mzito. Tarehe 1 na 2 Agosti waliimba nyimbo sita, wakalipwa dola 50 kwa kila wimbo. Kwa watu wa bonde lile fedha hizo hazikuwa kidogo.

Santuri ziliponunuliwa kwa wingi, kampuni ilitaka nyimbo zaidi. Hapo Bwana Carter akarudia mwendo wake wa zamani wa kupita nyumba kwa nyumba. Lakini safari hii hakuuza miche, bali alitafuta nyimbo. Mwaka 1928 alikutana na kijana mweusi, Lesley Riddle, mzaliwa wa Burnsville katika jimbo la North Carolina. Riddle alikuwa amepoteza mguu mmoja katika ajali kiwandani, na pia vidole viwili vya mkono wa kulia, lakini alipiga gitaa kwa ustadi mkubwa. Wakaanza kusafiri pamoja. Bwana Carter aliandika maneno ya wimbo katika karatasi. Riddle aliihifadhi sauti yake kichwani mpaka warudi nyumbani. Siku hizo sheria za ubaguzi ziliwatenga weusi na weupe, nao Riddle alimfungulia mwenziwe milango ya nyumba na makanisa ya watu weusi. Bibi Maybelle alijifunza kwake upigaji mwingine wa gitaa.

Lakini tazameni jambo hili. Katika santuri zile jina la A. P. Carter liliandikwa kuwa ndiye mtunzi, hata kwa nyimbo zilizotoka vinywani mwa wazee wengine. Jina la Riddle halikuonekana. Mwaka 1942 alihamia Rochester, katika jimbo la New York, na watu wakamsahau. Mwaka 1965 ndipo mwanamuziki Mike Seeger alipomtafuta na kumpata, kwa kuwa Bibi Maybelle alikuwa amemtaja. Bila neno lile la shukrani, huenda historia yake ingalizikwa kabisa.

Kikundi chenyewe hakikudumu. Bwana Carter na Sara waliachana mwaka 1936, ingawa waliendelea kuimba pamoja mpaka mwaka 1943. Yeye alirudi bondeni akafungua duka, akafariki mwaka 1960. Sara na Maybelle walifuata miaka ya 1979 na 1978. Binti yao Bwana Carter na Sara, Janette, alianza kukusanya watu kwa nyimbo katika duka lile mwaka 1974, na hata leo bondeni kuna ukumbi ambapo muziki wa zamani hupigwa kila Jumamosi usiku.

Sisi wa Kenya tunayo sehemu yetu katika habari hii. Siku mbili tu baada ya Jamaa ya Carter, mfanyakazi wa reli aliyeitwa Jimmie Rodgers aliimba mbele ya mashine zile zile za Bristol. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, lakini santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis. Bwana Hugh Tracey alipokwenda Kapkatet mwaka 1950 kunasa nyimbo, wasichana walimwimbia juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu, nusu swala. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, limegeuzwa kwa ulimi wa Kikipsigis.

Basi, wimbo husafiri kuliko mwenye wimbo, nalo jina lake hupotea njiani kwa urahisi. Mwenye kalamu na daftari aende kwa bibi na babu yake kabla hawajaondoka, aandike maneno ya nyimbo wanazozijua. Na juu ya kila wimbo aandike pia mambo mawili: jina la aliyemwimbia, na jina la yule aliyemfundisha huyo.