Breki kali inataka uma imara

Kwenye barabara inayoteremka kutoka Kibumba hadi Goma, kinga moja mara nyingi hubeba uzito wa watu wawili: mwenye kinga na mama aliyempakata mtoto, ama mwenye kinga na magunia ya makala. Familia inayokimbia vita nayo hupakia hapo godoro, sufuria na mzee asiyeweza kutembea. Kabla ya safari, wengi hubonyeza mipira kuona kama ina upepo. Wachache hutazama breki. Wachache zaidi hutazama uma, yaani ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele.

Uzito ukiwa mara mbili, kazi ya breki nayo ni mara mbili. Mwendo ukiwa mara mbili, kazi hiyo inafika mara nne, na yote inageuka kuwa joto. Breki za raba hupeleka joto kwenye ringi; katika mteremko mrefu ringi inaweza kuchemka hadi mpira upasuke. Ndiyo sababu baiskeli nyingi zinazotengenezwa na viti viwili na pedali za watu wawili huwekewa breki za diski. Joto linabaki kwenye sahani ya chuma, mbali na mpira. Kwa mtu mmoja sahani ya milimita 160 hutosha. Kwa wawili hutafutwa ya 203, maana sahani kubwa hukamata kwa nguvu zaidi na haichemki upesi.

Lakini hapo ndipo hatari nyingine inapoanzia. Mtu anaweza kupata diski sokoni, kisha fundi akachomelea kishikio chake kwenye uma wa kawaida. Breki ya raba hukamata juu, na miguu yote miwili ya uma husaidiana. Diski huvuta mguu mmoja tu, wa kushoto, tena chini kabisa, ambapo chuma ni chembamba. Uma usiotengenezwa kwa kazi hiyo hupinda kidogo kidogo, halafu siku moja hukatika. Hata ekseli inaweza kusukumwa ikatoka mahali pake.

Anayechagua, achague uma uliotoka kiwandani na kishikio cha diski, wenye chuma kinene, na ekseli inayopita ndani ya tundu zima au iliyokazwa kwa nati imara. Asipoupata, afadhali abaki na breki za raba nzima, mbele na nyuma, na abiria ashuke kwenye mteremko mkali.

Kila asubuhi, mwenye kinga abane breki ya mbele na kuisukuma kinga mbele. Uma ukicheza, rangi ikiwa na mikunjo, au ufa ukionekana karibu na kishikio, abiria asipande. Na akiwa njiani ashike breki, aachie, ashike tena. Akiibana mfululizo, haitapata nafasi ya kupoa.