Trela Langu Linavuja, na Sikuwaambia

Leo hakuna video. Kaeni chini msome, ni ndefu kidogo.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya Naivasha. Mnaikumbuka: alfajiri, ziwa limetulia, nafungua mlango wa trela jeupe lenye umbo la yai, kikombe cha chai mkononi, halafu sauti yangu inasema, "Niliacha chuo nikachagua uhuru." Sijawahi kutengeneza kitu kikatazamwa hivyo. Ambacho hamkuona ni karai. Lilikuwa futi moja tu nje ya picha, chini ya dirisha la nyuma, limejaa maji ya mvua ya usiku. Kabla ya kurekodi nilikuwa nimefinya ncha ya godoro kama mtu anayefua blanketi.

Wiki jana kuna msee wa mwaka wa pili chuoni aliniandikia. Babake amemtumia fee ya semista, na yeye amepata karavani kuukuu inauzwa. Anataka kulipa, aache shule, aanze kuzunguka na kurekodi kama mimi. Swali lake lilikuwa moja: "Nilipe?" Nilikaa na huo ujumbe siku tatu, nikaujibu kichwani mara ishirini.

Basi acha nianze na uhuru. Mimi sikuacha chuo. Chuo ndicho kiliniacha. Mwaka wa pili nilikuwa na deni la fee la shilingi 68,000, na siku ya mtihani jina langu halikuwa kwenye orodha. Nilisimama nje ya ukumbi na kalamu mbili mfukoni. Mathe mpaka leo akiulizwa kanisani husema "amepumzika kidogo". Mwaka mzima baada ya hapo nilirekodi harusi, ruracio na matangazo ya maduka ya simu, nikaweka 110,000. Sasa mtu akiwa na 110,000 na deni la 68,000, unadhani akili inamwambia nini? Eeh. Yangu iliniambia ninunue trela.

Nililiona Nanyuki, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyeachiwa na tajiri wake wa zamani. Futi 13, magurudumu mawili, kuku wanalala ndani. Nililipenda palepale juu nilikuwa nimetazama video za hizi trela za faiba za Marekani na Kanada usiku mwingi kuliko nilivyowahi kusoma noti. Mzee alitaka 240,000. Zilizobaki, 130,000, shosho alizikopa kwenye sacco kwa jina lake. Rudia hiyo sentensi polepole. Kwa jina lake.

Tulipolifikisha kwake Naro Moru, shosho alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akauliza, "Sasa mjukuu wangu, hili tangi tutalijaza maji aje?"

Nilicheka, lakini shosho hakuwa mbali na ukweli. Mwaka 1968 kule Winnipeg, Kanada, jamaa aliyeitwa Ray Olecko alitoa trela dogo la faiba lililoitwa Boler. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza tangi la maji taka la faiba. Akaona kitu chepesi kisichooza kinaweza kuvutwa na gari dogo na mtu akalala ndani yake. Trela la namna hii ni mabakuli mawili, moja chini na lingine limefunikwa juu yake, yameungwa katikati. Ukutani hakuna mbao, na paa halina viungio. Ndiyo maana mengine ya miaka hiyo bado yako barabarani wakati karavani za mabati na mbao za rika lao zilishakuwa mabanda ya kuku. (Langu lilikuwa banda la kuku pia, najua, nyamazeni.)

Hapa ndipo video nyingi huwadanganya, yangu ikiwemo. Tunasema "faiba haiozi". Kweli, faiba haiozi. Sakafu inaoza. Sakafu ni plaiwudi, na maji huingia kila mahali ambapo mtu alitoboa bakuli: dirisha, taa, tundu la hewa, kila riveti. Yanashuka polepole ukutani, yanakaa chini ya kapeti, na wewe huoni chochote mpaka siku unakanyaga karibu na mlango na mguu unazama. Mimi nilikanyaga nikashuka mpaka kifundo. Ukienda kukagua trela, usitazame rangi. Beba bisibisi. Dunga sakafu kwenye kona zote, hasa mlangoni na chini ya kitanda. Ikiingia kama kwenye keki, punguza bei au enda nyumbani.

Angalia taya pia. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zilisema 2306, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2006. Zilikuwa na meno mazuri kabisa, hazikuwa zimeenda popote, na kuta zake zilikuwa zimepasuka kama visigino vya mtu wa shamba. Taya huzeeka hata ikiwa imesimama.

Fundi wangu yuko Nyeri, kazi yake ya kila siku ni bampa za matatu. Kwa faiba, huyo mzee ni daktari. Alinionyesha kwamba ufa haupakwi rangi wala haujazwi tu kwa nje. Unaupanua kwa grainda mpaka uwe kama herufi V, unasugua eneo kubwa kuliko ufa wenyewe, unapangusa kwa asetoni, kisha unalaza vipande vya mkeka wa faiba kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikubwa kuliko cha kwanza, ukivilowesha resini. Kichocheo unaweka kidogo sana, asilimia moja au mbili. Mimi siku ya kwanza nilimimina kwa macho kama mafuta ya kupikia. Mkebe ukapata moto, ukaanza kutoa moshi, resini ikaganda na brashi ndani. Fundi hakusema kitu. Alisogeza tu kiti chake mbali. Na vumbi lake! Nililala siku mbili nikijikuna kama mbwa wa mtaa juu nilivaa tisheti. Mikono mirefu, miwani, barakoa, na ufanyie kazi mahali penye hewa.

Tuliziba nyufa 11 hivyo, na zote ziko imara mpaka leo. Kinachovuja ni ile kazi nilifanya peke yangu.

Fundi aliniambia dirisha la nyuma ling'olewe lote. Aliyelimiliki zamani alikuwa amelizungushia silikoni, ikipasuka anaongeza silikoni juu ya silikoni. Shida ya silikoni ni kwamba haishiki vizuri juu ya ile ya zamani, na inaacha utelezi ambao hata rangi inaukataa. Ilipaswa kung'oa fremu, kukwangua kila kitu, kusafisha, na kurudisha kwa utepe wa butili, ule mweusi mlaini kama chingamu ambao haukauki ukapasuka. Kazi ya siku nzima. Lakini kulikuwa na kampuni fulani ya chupa za chai iliyotaka video kufikia Jumatatu. Nikanunua tyubu ya silikoni, nikazungusha kwa dakika kumi, nikalainisha kwa kidole, nikapiga picha. Ikapendeza sana.

Safari ya Naivasha tulivutwa na anko na Hilux yake. Tulipitia Nairobi kuchukua kamera, halafu tukashuka na barabara ya Mai Mahiu. Kwenye kizuizi askari aliangalia namba yangu inayoanza na Z kama ya malori makubwa, akaangalia hilo yai, akauliza, "Hapo ndani umebeba nini?" Nikamwambia kitanda. Akaomba kuona. Aliona, akacheka mpaka akashika kofia.

Ile teremko ndiyo sikuwaonyesha. Nyuma kabisa ya trela nilikuwa nimepanga mitungi minne ya maji ya lita 20, juu maji ya shosho ni ya bure na mimi ni mtoto wa kuhesabu. Hizo ni kilo 80 mkiani. Tulipoanza kushuka trela likaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Halafu nikaona kwenye kioo cha pembeni likienda kulia, likirudi kushoto, kila mara zaidi, na Hilux yenyewe inavutwa kiuno. Mbele lori la mahindi, kando kule chini bonde lote la ufa. Nilipiga kelele, "Anko, breki!" Hakugusa breki. Alitoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani wima bila kupigana nao, akaacha mwendo ufe wenyewe. Likatulia. Tukasimama karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, anko akashuka akakaa kwenye jiwe. Baada ya muda akasema, "Usimwambie nyanyako." Shosho, kama unasomewa hii, pole.

Mai Mahiu tuliomba mizani kwa muuza viazi, tukaweka pua ya trela juu yake. Kilo 22. Trela lote na vitu lilikuwa kama kilo 600, na uzito unaokalia gari linalovuta unapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya hiyo, yaani kati ya 60 na 90. Nilikuwa nimelibeba kama mtoto aliyekalia upande mmoja wa ubao wa bembea. Tukahamisha mitungi mbele ya ekseli, mizani ikasoma 80 na kitu, na kutoka hapo mpaka ziwani lilifuata kama ng'ombe wa nyumbani. Nilikuwa nimepanga kila taa na kila mto vile kamera itapenda. Uzito hakuna mtu hurekodi.

Usiku wa Naivasha viboko walikuwa wanakula nyasi ng'ambo ya ua wa umeme, unawasikia wakikata kama mtu anafyeka. Halafu mvua. Halafu karai. Mengine mliyaona.

Sasa hesabu, kutoka kwa daftari langu. Trela 240,000. Sakafu, faiba, taya, springi, betri na paneli ya sola ya wati 100: 187,000. Video zote za trela zimeniingizia 31,000 na chupa mbili za chai. Nimekuwa nalo miezi 14, na katika hiyo miezi nimelala safarini usiku 19. Siku zingine zote liko nyuma ya jikoni ya shosho na mbuzi wanalisugulia pembe, mimi niko bedsita Kahawa West nahariri harusi za watu. Shosho namrudishia 6,000 kila mwezi, na kuna mwezi mmoja sikurudisha. Hakuuliza. Hiyo ndiyo iliniuma.

Msinielewe vibaya, silijutii. Mvua ikinyesha kwenye hilo bakuli unasikia kama uko ndani ya ngoma. Asubuhi za Naro Moru pumzi za watu wawili zinageuka maji ukutani mpaka unaacha tundu la hewa wazi na kulala na kofia, na bado siwezi kubadilisha na hoteli. Nikishika ukuta mahali tuliziba ufa, najua ni mkono wangu. Chuoni sikuwahi kumaliza kitu nikakishika hivyo. Lakini chuoni pia sikuwahi kukopesha jina la shosho.

Na kama lile jina langu lingekuwa kwenye orodha siku ile, ningeingia, ningekaa, ningefanya mtihani. Sina shaka yoyote. Kwa hivyo ile sentensi ya "nikachagua uhuru" nimeitoa. Ile video nimeipandisha tena na karai lake, dakika mbili zaidi, na anko kwenye jiwe.

Yule msee nimemjibu jana. Nimemtumia picha ya daftari, kurasa zote nne. Nimemwambia fee alipe, hiyo ni pesa ya babake na imetumwa kwa kazi moja. Nimemwambia pia Jumamosi niko Naro Moru, nang'oa lile dirisha la nyuma na kukwangua silikoni ya miaka yote, ikiwemo yangu, na nahitaji mtu wa kushika fremu kwa nje. Aje na shati kuukuu la mikono mirefu na bisibisi. Baada ya hapo, kama bado anataka, tutaenda pamoja kudunga sakafu ya hiyo karavani yake.

Tiki ni za bluu. Hajajibu bado.