Fukagawa, Mtaa wa Vyombo Vyenye Umbea

Hivi kikombe chako cha chai kingepewa mdomo, kingesema nini juu yako? Mimi sikuwahi kujiuliza hilo mpaka mume wangu alipoleta nyumbani katuni ya Kijapani iitwayo Tsukumogami Kashimasu. Ndiyo, katuni, na sisi watu wazima wenye kazi zetu! Tulianza kuitazama kwa utani, tukaimaliza kwa siku tatu.

Ilionyeshwa na televisheni ya NHK mwaka 2018, vipindi 12, kutokana na riwaya ya Megumi Hatakenaka. Okou na Seiji, dada na kaka, wana duka la kukodisha vyombo mtaa wa Fukagawa, enzi ambazo Tokyo bado ikiitwa Edo. Kwa imani ya kale ya Wajapani, kifaa kikifikisha miaka 100 kinaweza kupata roho. Basi kitana, kiko, mwanasesere na picha ya ukutani vinakodishwa, vinaingia nyumba za watu, halafu vinarudi na umbea! Ndugu hawa wanatega masikio, na fumbo linafumbuka polepole bila damu wala bastola. Na penzi lipo. Wawili hao si ndugu wa damu, Seiji anampenda Okou, ila kulitamka ndiyo mtihani.

Mwaka jana mwenzangu alipata kozi fupi Tokyo. Nami nikaomba likizo, nikamfuata wiki ya mwisho. Jumamosi tukapanda treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha Kiyosumi-Shirakawa. Ukishuka hapo, Fukagawa ndiyo hiyo.

Usitegemee maghorofa ya kutisha. Ni mtaa wa mifereji, mahekalu na vijiduka vya kahawa. Mchana tulikula Fukagawa-meshi, wali wenye kombe wadogo wa baharini, vitunguu majani na miso. Zamani kilikuwa chakula cha wavuvi wa hapo. Kitamu, na kinashibisha kweli.

Lakini kilichotupeleka ni Makumbusho ya Fukagawa Edo, yaliyofunguliwa mwaka 1986. Ndani wamejenga upya kipande cha mtaa kama kilivyokuwa miaka ya 1840, kwa ukubwa wake halisi. Kuna duka la mchele, mnara wa kuangalizia moto na nyumba za kupanga za watu wa kawaida. Taa zinabadilika toka alfajiri hadi usiku, na juu ya paa kuna paka wa bandia anayelia nyau. Unavua viatu, unaingia chumbani, unashika vyombo kwa mkono wako.

Hapo ndipo nilipoelewa lile duka la kwenye katuni. Chumba cha familia nzima ni kama mita 3 kwa 4, jiko humo humo. Utaweka wapi kabati? Isitoshe, Edo ilikuwa mji wa mbao na moto ulikuwa haukauki. Ule wa mwaka 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Kwa hiyo watu walikodi magodoro, vyandarua, masufuria, hata nguo ya ndani ya kiume! Kwetu tunakodi viti na masufuria ya shughuli, lakini hapo jamani walituzidi.

Mume wangu aliketi kwenye mkeka wa chumba kimoja, akashika birika kuukuu. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Ile redio ya mama. Uliniuliza?"

Moyo ukanipasuka. Tulipohama nyumba nilimpa kijana wa chuma chakavu redio ya marehemu mama mkwe. Ilikuwa haiongei tena, na mimi nilitaka sebule safi. Alipogundua alisema "sawa tu", nami nikaamini ni sawa. Kumbe miezi yote ile alikuwa na jambo lake.

"Sikukuuliza," nikamjibu. "Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema mama yake alikuwa akiwasha redio hiyo saa ya matangazo ya vifo, watoto wote kimya, na jina la mtu anayemjua likitajwa aliizima kwanza ndipo alie. Miaka minne ya ndoa, sikuwahi kulisikia hilo.

Nikakumbuka Wajapani wana siku ya kuaga sindano. Tarehe 8 Februari, kwenye hekalu la Sensoji pale Asakusa, watu huleta sindano zilizovunjika na kuzichoma kwenye tofu laini, ziagwe kwa shukrani baada ya kazi ngumu. Kama sindano inaagwa, je, redio ya mama wa mtu?

Tuliporudi nyumbani tulimtafuta yule kijana. Redio ilishauzwa kwa kilo. Sasa kabla sijatoa kitu nje ninauliza kwanza, na mara nyingi jibu linachukua jioni nzima.

Wewe na mwenzio mkifika Tokyo, tengeni nusu siku ya Fukagawa. Vaeni viatu vya kuvuka kirahisi, na soksi zisizo na matundu. Halafu kaeni chini humo ndani, msiharakishe. Yawezekana mmoja wenu ana la kusema.